Chumba Ambacho Tungemlaza Mwanetu



Juma lililopita alitujia mama mmoja kutoka pwani ya kusini, mkononi ameshika bahasha iliyokunjwakunjwa kwa kufunguliwa mara nyingi. Ndani mlikuwa na barua ya kumwita binti yake kwenye chuo kimoja cha hapa Mombasa. Furaha ya barua ile ilidumu siku tatu tu. Siku ya nne waliambiwa kwamba bweni limejaa, na kwamba kila mwanafunzi mpya ajitafutie pa kulala. Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya kuripoti. Babake binti, ambaye yuko Ghuba kikazi, alitoa kauli yake kwa simu: ikiwa hakuna bweni, mtoto na akae nyumbani, asubiri mwaka mwingine.

Kisiwani vyumba ni ghali kwa mfuko wa mama yule, na jamaa zake walimwelekeza Changamwe. Hakuja kwetu kutafuta fatwa. Aliketi, akanywa maji, kisha akatuuliza neno moja: "Ndugu zangu, huko Changamwe kuna chumba ambacho nyinyi mngemlaza mwanenu?"

Swali hilo halikutoka rohoni mwetu, na ndilo tunalolileta mbele yenu leo. Twajua si la mama yule peke yake. Kila mwaka matokeo ya mitihani yatokapo, nyumba nyingi za Kiislamu za Pwani hukaa kikao cha namna hii, na mara nyingi anayepoteza ni mtoto wa kike. Kijana wa kiume huambiwa, "Nenda, utajua mbele ya safari." Msichana huambiwa asubiri, na tumewaona wengi ambao kungoja kwao hakukuwa na mwisho.

Tuanze kwa kuujua mji wenyewe. Changamwe haikujengwa kwa ajili ya wanafunzi. Ni mji wa wafanyakazi. Bandari ya Kipevu iko hapa, reli imepita hapa, uwanja wa ndege uko hapa, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilifanya kazi hapa tangu mwaka 1963 hadi mwaka 2013. Vyumba vya Chaani, Magongo, Migadini na Port Reitz vilijengwa vingi kwa kumfikiria mtu atokaye kazini akiwa amechoka, anayetaka paa, kitanda na njia fupi ya kurudi kazini. Ndiyo maana mpangaji mwanafunzi, tena msichana, hukuta mambo ambayo aliyejenga hakuyawazia: choo kiko mwisho wa ua, taa ya ujirani haiwaki, na malori ya makontena yameegeshwa pale pale anapopaswa kupita magharibi akirudi.

Tulitoka na mama na binti yake siku ya Jumamosi asubuhi, tukatazama vyumba vitatu.

Chumba cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kilikuwa bedsita mpya, vigae sakafuni, choo ndani. Aliyetuonyesha si mwenye nyumba bali dalali, na kabla hatujauliza lolote alitaka kodi ya mwezi na amana zitumwe kwa simu saa ile ile, kwa kuwa "kuna wengine watatu wanangoja". Tulipouliza jina la mwenye nyumba, alisema yuko safarini. Tulipouliza kama jina litakalotokea kwenye ujumbe wa malipo ni la mwenye nyumba, alikasirika. Tukaaga kwa adabu. Binti mmoja tunayemjua alituma fedha kwa njia hiyo mwaka uliopita, na siku ya kuhamia akakuta wasichana wengine wawili mlangoni wameshika mizigo yao, wote wamelipia chumba kimoja, na simu ya dalali haipatikani.

Chumba cha pili kilikuwa katika ploti ya vyumba vingi, na bei yake ilikuwa nafuu. Binti alikipenda kwa bei. Mama akaenda kutazama choo, akarudi kimya. Mlango wa bafu haukuwa na komeo. Msimamizi wa ploti, kijana mwanamume, alituambia bila haya kwamba yeye ana ufunguo wa pili wa kila chumba, "kwa usalama". Tuliuliza: usalama wa nani? Hatukupata jibu, nasi hatukulihitaji.

Chumba cha tatu kilikuwa katika nyumba ya Kiswahili ya zamani, vyumba sita vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, ua nyuma, na mwenye nyumba, bibi mjane, anaishi chumba cha mbele. Ukuta umechubuka rangi. Maji ya bomba huja siku anazozijua Mungu, na siku nyingine hununuliwa kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wasukuma mikokoteni. Binti alimwamkia, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitika, "Marahaba, mwanangu, karibu," kisha badala ya kutaja kodi akauliza: "Wasoma nini?" Alipojibiwa, aliuliza la pili: "Na jioni warudi saa ngapi?"

Hapo ndipo mama yule alipotutazama, nasi tukaelewa. Alikuwa amepata mtu wa kumuuliza mwanawe saa ya kurudi.

Lakini wema wa uso hautoshi, wasomaji wetu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kupanga chumba ni mkataba wa ijara, na wanazuoni wetu wameuwekea masharti yaliyo wazi: kodi ijulikane, muda ujulikane, na manufaa yanayokodiwa yajulikane. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatuamrisha kuandika deni la muda na kuliwekea mashahidi. Wengi wetu huisoma kila Ramadhani, kisha tukalipa amana ya chumba kwa kuaminiana tu, bila hata kipande cha karatasi. Tukidhulumiwa hulia na mwenye nyumba, ilhali mlango wa dhulma tumeuacha wazi wenyewe.

Basi siku ile ile tuliketi ukumbini kwa bibi, tukaandika kurasa mbili kwa Kiswahili cha kawaida. Tutayataja yaliyomo, ili kila mzazi ayanakili.

Tuliandika majina kamili ya pande zote mbili na nambari za vitambulisho. Mwanafunzi ambaye hajatimiza miaka 18, na hivyo hana kitambulisho, mkataba wake na utiwe saini na mzazi au mlezi. Tuliandika kodi ni kiasi gani, italipwa tarehe gani, na kwa nambari ipi ya simu, tukahakikisha jina la nambari hiyo ni la bibi mwenyewe. Tuliandika amana ni kiasi gani, itarudishwa lini, na ni mambo gani tu yanayoweza kuipunguza. Tuliandika umeme ni wa tokeni au unagawanywa, na maji nani anayalipia. Tuliandika kila upande utoe taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kuvunja mkataba. Tuliandika nani ana ufunguo, na kwamba hakuna aingiaye chumbani mpangaji asipokuwepo, isipokuwa kwa dharura kama moto au maji. Mwisho waliweka saini mashahidi wawili, na kila upande ukabaki na nakala yake.

Kisha tulipiga picha za chumba: ule ukuta uliochubuka, dirisha lenye kioo kilichopasuka, swichi iliyolegea. Bibi alicheka akisema, "Mwapiga picha umaskini wangu?" Tukamjibu kwamba twaipigia picha amani yake na ya mpangaji wake. Siku ya kuhama, hakuna atakayemdai mwenzake kioo kilichopasuka kabla hajaja. Na hili lina asili katika fiqhi: mpangaji ni mwaminiwa juu ya nyumba aliyoipanga, halipi kilichoharibika bila ya uzembe wake au kukiuka mipaka, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kutengeneza lile ambalo bila yake nyumba haikaliki, kama paa linalovuja. Yatakikana yote mawili yajulikane mapema, kabla mvua ya masika haijaanza.

Upande wa sheria ya nchi, yafaa kujua kwamba Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, yenye Baraza lake la kusikiza mashauri ya wapangaji na wenye nyumba. Lakini sheria hiyo inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kodi ikipita hapo, ngao kubwa ya mpangaji ni ule mkataba alioutia saini. Hii ni sababu nyingine ya kutoudharau.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana nia njema nyingi huvunjika hapo. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 6,000 kwa mwezi. Siku ya kuingia utatakiwa kodi ya mwezi na amana ya mwezi, yaani 12,000, kabla hujanunua godoro, ndoo, jiko wala kufuli. Wanafunzi wawili wakishirikiana, kila mmoja atatoa 6,000 siku hiyo na 3,000 kila mwezi. Kushirikiana kwa wasichana wawili wenye maadili ya karibu si nafuu ya fedha tu, ni ulinzi pia. Ila nao waandikiane: nani ananunua nini, wageni gani wanaruhusiwa, na mmoja akiacha masomo, mwenzake atabebaje kodi.

Pili, mwaka wa mwenye nyumba una miezi 12, na mwaka wa chuo hauifiki. Ikiwa masomo ni miezi 8, chumba cha 6,000 hugharimu 72,000 kwa mwaka, na 24,000 katika hizo ni za miezi ambayo mlango umefungwa na mwanafunzi yuko kwao. Wazazi wengi hushtuka likizo ya kwanza inapofika. Liulizeni jambo hili siku ya mkataba: je, miezi ya likizo italipwa nusu? Je, mwanafunzi aweza kutoa vitu vyake na chumba kikapangishwa kwa muda? Mwenye nyumba ana haki ya kukataa, lakini aliyeuliza mapema hatashtuka.

Tatu, nauli. Chuo kikiwa kisiwani, mkaaji wa Changamwe huvuka Makupa kila siku. Daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022 limesaidia, lakini foleni ya malori haijatuhama. Tukikadiria shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, siku 22 za masomo ni shilingi 2,200 kwa mwezi. Chumba kilicho karibu na chuo kwa nyongeza ya shilingi 2,000 kwa hakika ndicho rahisi, na mtoto hupata saa mbili zaidi za kusoma au kulala. Aliye na mkopo wa serikali naye akumbuke kwamba mkopo wa HELB hutolewa kwa muhula, ilhali mwenye nyumba hudai kila mwezi. Fedha ikiingia, itengwe kodi ya muhula mzima kabla ya chochote kingine.

Nne, njia. Tumeona wazazi wakikagua chumba saa nne asubuhi, jua linawaka, wakaridhika. Twawashauri mrudi mkikague saa moja na nusu usiku. Mshuke kwenye stejini ile ile atakayoshuka binti yenu, mtembee njia ile ile kwa miguu yenu. Mtajua taa ziko wapi, vijana wanakaa wapi, na mlango wa geti unafungwa saa ngapi. Mkifika, badilisheni kufuli. Hiyo ni fedha ndogo kuliko zote mtakazotumia. Kisha mpigeni hodi jirani wa kushoto na wa kulia, mwajulishe mwana wenu. Jirani wa karibu ndiye atakayefungua mlango usiku wa manane, si sisi tulio Msambweni au Lamu.

Tumesema na wazazi. Sasa twageukia wale miongoni mwenu mlio na vyumba. Twajua mpo wengi. Mama zetu wajane wa Changamwe, Mikindani na Miritini wanaishi kwa kodi za vyumba vinne vitano walivyoachiwa na waume zao, na wengine wametuambia wazi kwamba hawapangishi wanafunzi, kwa kuwa hulipa kwa kuchelewa na hupiga kelele. Hatuwakatazi kuchunga riziki yenu. Twawaomba tu mtazame na upande wa pili: chumba mlichokataa kumpa msichana wa Kiislamu hakikumrudisha kwao salama, huenda kimemsukuma kwenye ile ploti ya ufunguo wa pili.

Wala hili si jipya kwetu. Historia ya elimu ya Uislamu ni historia ya malazi ya wanafunzi pia. Al-Azhar ya Cairo ilikuwa na riwaki zake, kila watu wa nchi fulani na makao yao, na wanafunzi wa Pembe ya Afrika walikuwa na riwaki yao iliyoitwa ya Jabarti. Hapa kwetu, Habib Swaleh alipoweka msingi wa Riyadha kule Lamu, wanafunzi walitoka mbali na wakapata pa kukaa. Na chuo tunachokiita leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, kwa michango iliyotoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya wakati ule, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Kikawa politekniki mwaka 1972 na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Wazee wetu walichanga wakajenga madarasa. Je, sisi tumeshindwa kuchanga tukapata nyumba moja ya vyumba sita, ikawekwa wakfu kwa wasichana wanaosoma? Kamati za misikiti zinazosoma ukurasa huu zilifikirie hilo kabla ya kubadilisha zulia ambalo halijachakaa.

Mwasubiri kujua mwisho wa kisa. Babake binti alipigiwa simu jioni ile kutoka ukumbini kwa bibi. Hakuzungumza na mkewe kwanza. Aliomba azungumze na bibi. Hatukusikia aliyosema. Tulimsikia bibi tu akijibu: "Baba, mimi siwezi kukuahidi kumlinda kama malaika. Naweza kukuahidi kwamba saa mbili geti langu limefungwa, na asipokuwa ndani nitakupigia mimi mwenyewe." Kimya kikawa kirefu. Kisha baba akaomba asomewe mkataba, neno kwa neno. Ulipokwisha kusomwa alisema ametoa idhini ya muhula mmoja, na baada ya hapo atatazama.

Muhula mmoja si digrii. Fedha za miezi ya likizo bado hazijapatikana, na mwenzake wa kushirikiana chumba bado anatafutwa. Bibi amekubali kungoja hadi mwisho wa mwezi. Lakini siku ya kuripoti ilipofika, binti aliripoti. Alhamisi iliyopita tulipita Changamwe tukamkuta uani anafua, daftari limewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa lisilowe. Tulimuuliza kama ana haja yoyote. Alisema taa ya ukumbini imeungua na bibi hafikii kuibadilisha. Tukaibadilisha, tukaondoka.

Wasomaji wetu, aliye na chumba safi na geti linalofungwa, na aliye na binti anayetafuta mwenzake wa kushirikiana naye, na atuletee habari kabla ya Ijumaa ijayo. Twamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu, na awape usiku wa amani nyuma ya milango wanayolala.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.